Niliambiwa "sum up", nikataja jumla ya hela

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mbagala na nafanya kazi Kurasini kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni nyaraka: ankara, hati za meli, vibali. Kazi naijua. Karatasi ikikosewa namba moja naiona kabla haijafika forodhani. Tatizo langu ni mdomo.

Mwezi uliopita tulipata mgeni kutoka makao makuu, nje ya nchi. Akatoa mada asubuhi nzima kuhusu makontena yanayokaa bandarini kupita zile siku za bure, na tozo tunazolipishwa. Yote kwa Kiingereza. Nilielewa karibu kila kitu, Anti, sikudanganyi, na kila tozo ya kwetu aliyoitaja niliiandika kwenye daftari. Ilipokaribia saa saba, harufu ya pilau imeshaanza kuingia ukumbini, bosi akanigeukia. Akasema maneno mengi, mwishoni nikasikia "samapu". Sikulishika. Akarudia polepole kama anaongea na mtoto: "Could you sum up for us?"

"Sum" naijua tangu kidato cha kwanza. "Find the sum of." Nikaangalia daftari, nikapiga hesabu haraka haraka pembeni ya ukurasa, nikasimama, nikasema kwa sauti: "Four thousand two hundred and sixty dollars."

Kimya. Halafu kijana mmoja wa mauzo akaanza kucheka, wengine wakafuata. Mgeni akatabasamu kwa ile namna ya kumwonea mtu huruma. Bosi akasema "thank you", akaeleza mwenyewe. Pilau sikuionja.

Tangu siku hiyo jina langu ofisini ni Jumla. Nikipita koridoni nasikia, "Jumla, na rejareja unauza?" Nacheka nao, nitafanyaje.

Nikasema sirudii kosa. Nikatafuta kwenye simu, nikajua kumbe "sum up" ni kueleza kwa kifupi. Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao chetu cha ndani, nikajitolea mwenyewe: "Let me sum up it." Yule yule kijana akanirekebisha mbele ya watu: "Sum it up." Nilichotaka kusema chote kikapotea. Wiki hiyo hiyo nikiwa naeleza jambo kwa wateja, bosi akaniambia "please wrap up". Nikadhani ndiyo ile ile, nikaanza kurudia kwa kifupi yote niliyosema tangu mwanzo. Aliangalia saa yake mara tatu.

Sasa Alhamisi ya wiki ijayo tuna kikao na wateja wakubwa kuhusu hayo hayo makontena, na bosi amesema mimi ndiye nitakayefanya hiyo "sum up" mwishoni. Sijui ananipa nafasi au ananitega. Kuna madarasa ya jioni Kariakoo wanataka shilingi 350,000 kwa miezi mitatu. Nimenunua pia kitabu barabarani pale Posta, kina mamia ya maneno ya namna hiyo, nimefika ukurasa wa nne. Nilipe hayo madarasa? Au nimwombe bosi kazi hiyo ampe mwingine? Na hivi kwa nini hawa watu wasiseme tu "summarise" tukaelewana?

Jumla, Kurasini
(Barua imefupishwa)

*

Marahaba mwanangu.

Pale kwenye dola nimecheka, nisikufiche. Kisha nikanyamaza, maana nimekumbuka ya kwangu.

Mimi nilikuwa katibu muhtasi, wa siku zile. Tulitoka chuoni Tabora na hatimkato, ule mwandiko wa mkato wa kunasa maneno mtu anavyoongea, ya maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, penseli mbili zimechongwa, moja ya akiba. Mwaka wangu wa kwanza kazini bosi aliitwa katikati ya kikao kirefu, mimi nikabaki naandika. Jioni akaniita ofisini kwake, akaniuliza kwa Kiingereza watu walisemaje, na neno alilotumia ni hilo hilo lako, "sum up". Nikafungua daftari nikaanza kumsomea. Mwenyekiti alisema hivi, mjumbe akajibu vile, mjumbe mwingine akaunga mkono. Nilipofika ukurasa wa sita nikanyanyua macho, nikamkuta anasaini barua zake, hanisikilizi hata kidogo. Nilinasa kila neno lililotamkwa mle ndani, na sikuweza kumwambia walisemaje.

Wewe ulitoa jumla bila maelezo, mimi nikatoa maelezo bila jumla. Kati yetu wawili, wewe ndiye uliyekaribia.

Sikupi moyo tu. Hilo "sum" lilitoka Kilatini, "summa", maana yake ya juu kabisa, kwa sababu Warumi wakijumlisha safu ya tarakimu jibu waliliandika juu, si chini kama tulivyofundishwa sisi. Kwa Kiingereza lilianza kama neno la hesabu. Baadaye ndipo likahamia kwenye mazungumzo: chukua yote yaliyosemwa, yajumlishe, tupe jibu. Na sisi tumefanya hivyo hivyo. Jumla ya Kariakoo ni ya magunia na madumu, lakini mtu akianza na "kwa jumla" hakuna anayemtegemea ataje bei.

Tena neno la kazi hii tunalo, na unalisikia kila siku kwenye taarifa ya habari. Kiongozi akizunguka mkoa mzima, siku ya mwisho anakaa na watendaji anafanya majumuisho ya ziara. Jaji wa Mahakama Kuu akiamua kukaa na wazee wa baraza, wale raia wanaomshauri, kwenye kesi ya mauaji, kabla hawajatoa maoni yao anawafanyia majumuisho ya ushahidi. Kwa Kiingereza kitendo hicho kinaitwa "summing up", ndilo neno lako lile lile limevaa joho. Jaji hawasomei wazee faili zima upya. Anawaambia ushahidi huu wote ukiwekwa pamoja unaelekea wapi, na wao watoe maoni juu ya nini. Basi siku nyingine ukisikia "samapu", kichwani weka majumuisho, usiweke "kueleza kwa kifupi". Hicho kifupi ndicho kilichonikwamisha mimi. Mtu unaweza kufupisha kurasa sita zikawa tatu na bado bosi akaendelea kusaini barua.

Sasa hiyo "up". Watu wengi wanaifikiria ni juu, wanabaki wanashangaa juu ya nini. Hapa haina uhusiano na dari. Kazi yake ni kusema kitendo kimefika mwisho, hakikubakiza. Mtoto akila ni "eat", akilamba sahani ni "eat up". Hela ukitumia ni "use", ikiisha kabisa mfukoni ni "use up". Kiswahili kinafanya jambo la jinsi hiyo kwenye mkia wa kitenzi: kutupa ni kutupa, lakini kutupilia mbali hakuna kurudi kuokota. Tofauti ni kwamba sisi mkia tumeushonea kwenye neno lenyewe, wenzetu wameuacha unaning'inia nje kama kamba ya kiatu, na ndiyo maana unatukwaza.

Na kwa kuwa umeuliza wasiseme tu "summarise": wanasema, na ni sahihi. Kwenye ripoti ya kuandika litumie hilo bila wasiwasi, tena linapendeza zaidi. Hata Alhamisi ukifungua na "to summarise" hakuna atakayekucheka. Ila mdomoni wanapenda fupi, na huwezi kuwachagulia wenzio maneno ya kukwambia wewe. Kulielewa ni lazima, kulitumia ni hiari yako.

Nikuonyeshe na lile la "sum up it", maana naona lilikuumiza kuliko dola. Sema kwa Kiswahili: "nitaujumuisha", yaani mjadala. Huo "u" wa mjadala umekaa wapi? Umejibana katikati ya neno. Husemi "nitajumuisha u". Basi na "it" ya Kiingereza ni kadogo vilevile, hakana nguvu ya kusimama mwishoni peke yake, kanajibana katikati: "sum it up". Ukitaja kitu kwa jina lake kamili, mwishoni panatosha: "sum up the discussion". Ukiweza kukumbuka kwamba "it" ni kama ule "u" wetu wa katikati, hutakosea tena, na sheria hiyo hiyo itakubeba kwenye "wrap it up" na nyingine nyingi za aina hiyo. Kisikilize pia kinavyotamkwa, maana ndicho kilichokupoteza mwanzoni. Hawatenganishi. "Sum up" wanaiunganisha inakuwa "samapu", "sum it up" inakuwa "samitapu". Tena "sum" na "some" kwa sikio ni kitu kimoja. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwenye daftari, baada ya miaka saba ya msingi kusoma kwa Kiswahili, ataitambuaje kwa sikio siku ya kwanza? Huyo kijana wa mauzo naye kuna neno lililomkwamisha, ila hakukwama mbele ya mgeni.

"Wrap up" ni jambo jingine kabisa. "Wrap" ni kufunga kitu kwenye karatasi, kama muuza karanga anavyofunga kwa gazeti. Bosi akikwambia "please wrap up" ukiwa umesimama unaongea, hiyo ni kengele. Si umewahi kusikiliza Bunge? Mbunge yuko kwenye utamu wa hoja, kengele ya pili inalia, mwenye kiti anasema malizia mheshimiwa. Akianza hapo kurudia hoja zake, maikrofoni inazimwa. Sentensi moja, asante, kaa. Kwa hiyo, kwa lugha ya vikao vyetu, "sum up" ni majumuisho na "wrap up" ni kufunga. Mwenyekiti anaweza kuomba vyote kwa mpigo, "let's wrap up, could you sum up?", na hapo majumuisho yako yawe mafupi maana watu wameshashika mikoba.

Kuna moja nyingine nikutahadharishe. Ukimaliza kuongea mtu akasema "that sums it up", hakuombi uendelee. Ndiyo ile yetu ya "umemaliza". Umepewa sifa hiyo, ipokee kwa kunyamaza. Nimeona wasomi wazima wakiambiwa hivyo wakavuta pumzi na kuanza upya.

Kuhusu kitabu cha Posta, kifunge. Mamia ya maneno ukiyameza kwa mpangilio wa alfabeti yatatoka kwa mpangilio wa alfabeti, na bosi wako hakuulizi hivyo. Umejifunza moja, umelijua na ndugu zake wawili, na limekuuma kiasi kwamba hutalisahau. Mengine yatakuja hivyo hivyo, moja moja, kila moja na kisa chake. Madarasa ya Kariakoo sina ugomvi nayo, ila 350,000 usiitoe kwa ajili ya Alhamisi. Miezi mitatu haiingii kwenye siku nane. Ikipita Alhamisi, kaa ujiulize kama shida yako ni Kiingereza chote au ni kusimama mbele za watu. Ukiona ni Kiingereza, nenda, lakini kwanza waombe ukae darasani siku moja uone kama wanafunzi wanaongea au mwalimu peke yake ndiye anayeongea.

Maana mimi, mwanangu, sikuponea darasani. Niliponea kwa mama. Alikuwa ameanza kuumwa miguu, Jumapili haendi kanisani, nikirudi ananiuliza kabla sijavua viatu: "Leo mchungaji kasemaje?" Naanza: alisoma Mwanzo sura ya kumi na mbili, halafu kwaya ya vijana ikaimba, halafu... Ananikatiza. "Nakuuliza kasemaje." Nikijaribu tena, ananikatiza tena. Ilifika mahali nikawa natembea kutoka kanisani natafuta hiyo sentensi moja njiani, ili nikifika mlangoni niwe nayo: "Kasema tuache kuogopa kuhama." Hapo mama anaridhika, ndipo anauliza ya kwaya. Baada ya miezi kadhaa ya mama yangu, bosi hakunishinda tena.

Wewe una Barabara ya Kilwa, kila asubuhi na jioni, na foleni yake unaijua kuliko mimi. Chukua chochote ulichosikia: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ugomvi wa konda na abiria, sauti ndefu ya shangazi kwenye kundi la ukoo. Jiulize, kasemaje? Itafute kwa Kiswahili kwanza. Hili nakusisitizia kwa sababu naona unakilaumu Kiingereza peke yake. Siku ile ya mgeni, bosi angekuuliza kwa Kiswahili, "hebu tufanyie majumuisho", ungesema nini? Kama jibu halipo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza litatoka wapi? Likishapatikana, kuligeuza ni kazi ya dakika mbili, na ukikosea "it" moja watu watakuelewa tu.

Tujaribu kwa mada ile ile ya mgeni. Alichosema asubuhi nzima, kwa barua yako ndefu uliyoniandikia (kurasa nne, mhariri ameumia), ni kwamba makontena yanachelewa kwa sababu nyaraka zinafika baada ya meli, na kuchelewa huko kunawagharimu. Basi ungeweza kusimama ukasema hivi:

"To sum up, late documents have cost us 4,260 dollars. We agreed to get them ready before the ship arrives. I will check every Friday."

Sentensi tatu. Tatizo na uzito wake, mlichokubaliana, nani anafuatilia na lini. Hakuna neno gumu hata moja, yote ni ya kidato cha pili. Na tazama ya kwanza. Dola zako zimo. Ni zile zile ulizozitamka wakacheka. Katika ukumbi ule mzima, pamoja na kijana wa mauzo, hakuna mwingine aliyekuwa ameziandika moja moja na kuzijumlisha; ulizikosesha sentensi ya kukalia, basi. Mgeni angeondoka bila hiyo namba, angeondoka na hotuba yake mwenyewe.

Kwa Alhamisi, chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika kama ulivyozoea, tozo na kila kitu. Kulia andika tu pale watu wanapokubaliana jambo, au mtu anaposema "mimi nitafanya". Upande wa kulia utabaki mweupe muda mrefu, usiogope. Wateja wakubwa huongea saa nzima ndipo wakubaliane jambo moja. Wakati wa majumuisho, soma wa kulia, na ukihitaji namba chungulia wa kushoto. Ukisikia umeulizwa kitu ukawa huna uhakika, uliza: "Do you mean the figures, or the main points?" Ni swali la mtu anayejua kazi yake, na lingekuokoa siku ile.

Bosi anakutega au anakupa nafasi? Kutoka hapa nilipo siwezi kuona moyo wake. Lakini alikuona unaandika mada yote akakuchagua wewe, akakuona umekosea mbele ya mgeni, na bado amekuchagua wewe. Usimrudishie kazi hiyo.

Jina la Jumla nalo utaamua mwenyewe. Mimi ofisini waliniita Ukurasa wa Sita mpaka nilipohamishwa, na sikufa. Huyo wa rejareja akikuuliza tena koridoni kama unauza, mwambie unauza Alhamisi, aje mapema.

Ijumaa niandikie ilikuwaje. Kwa sentensi tatu, tafadhali.